Opiyo Anakuona

Siku Opiyo alipofariki, serikali ilifunga shule zote nchini. Mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote, na serikali haikuwa na habari, lakini Odongo aliyachukua kama jambo moja. Asubuhi alipigiwa simu kutoka Nairobi akaambiwa kwamba pacha wake hakuamka. Jioni redio ikatangaza kwamba watoto wasirudi darasani mpaka watakapoambiwa. Odongo akaona ni sawa. Aliona nchi imeonyesha adabu.

Kwa Waluo, pacha wa kwanza ni Opiyo na anayebaki nyuma ni Odongo. Kwa hiyo Odongo hakuwahi kuingia mahali popote maishani mwake bila kuulizwa, "Na Opiyo yuko wapi?" Watu wakisikia jina wanajua kuna nusu nyingine mahali fulani, nao wanaiulizia kama mtu anavyoulizia kiatu cha pili.

Habari za kiatu cha pili Odongo alizijua vizuri. Aliwahi kuuza viatu soko la Kibuye, cha kushoto kwa mteja mmoja na cha kulia kwa mwingine, kila mmoja akiahidiwa kwamba mwenzake yuko njiani. Aliwahi pia kuuza redio kule Otonglo, kando ya barabara ya Busia, redio nzuri inayong'aa ambayo ndani haikuwa na kitu. Sauti ilitoka chini ya meza, ambako Odongo mwenyewe alikuwa amejikunja akisoma habari na kutoa salamu za wasikilizaji. Ni Opiyo aliyekuja baadaye, akamtafuta mnunuzi, akaitia ile redio matumbo yake. Opiyo alikuwa fundi wa simu Nairobi. Alirekebisha simu za watu, na akipata nafasi, alirekebisha mambo ya Odongo.

Walimzika kwao Uyoma, asubuhi na mapema, watu wachache tu kama amri ya ugonjwa ilivyotaka, wamesimama mbali mbali na barakoa zao, chifu akitazama saa. Hapakuwa na turubai, hapakuwa na nyimbo, wala hakuna aliyebaki kuota moto na kumsimulia. Mtu ambaye angejaza boma lote aliwekwa ardhini kama gari linaloegeshwa. Odongo akarudi Kisumu na kitu kimoja cha ndugu yake, laini ya simu. Akaiweka kwenye simu yake, kando ya laini yake mwenyewe, akashuka mtaani Nyalenda akitafuta mtu wa kumwambia.

Mtu wa kwanza aliyemwona alikuwa Benta, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, amesimama mlangoni kwake na beseni kiunoni na simu mkononi, akiitazama hiyo simu kana kwamba imemtukana.

"Odongo! Ulipotelea wapi, wewe? Na Opiyo yuko wapi siku hizi?"

Odongo alifungua mdomo aseme. Maneno yalikuwa tayari, na hayakuwa mengi. Yalifika kwenye meno yakageuka.

"Opiyo yuko," akasema. "Ana kazi mpya."

"Kazi gani, na watu wote wamekaa?"

Odongo akatazama ile simu. Ndani ya nyumba, Akinyi, binti ya Benta, alikuwa amelala kifudifudi juu ya kitabu cha hesabu kama mtu anayekizuia kisiruke.

"Anaangalia watoto wanaosoma kwa simu," akasema.

Tapeli wa kawaida huona nafasi kwanza, kisha hutunga uongo. Kwa Odongo, uongo ulitangulia, na nafasi ikaja nyuma yake ikihema.

"Wewe! Usinidanganye!" Benta akashusha beseni. "Hebu sikia walimu wanavyoniandikia. Mzazi akae na mtoto wakati wa somo. Amtafutie mahali patulivu. Patulivu, Odongo, hapa Nyalenda! Huyu jirani wa kushoto anachomelea mageti, wa kulia amefungua kanisa. Ahakikishe mtoto hafungui katuni. Mwisho amuulize amejifunza nini. Mimi niliacha shule la saba, na hilo la saba lenyewe nililikalia tu. Nikikaa hapa, nani atakaa na omena?"

"Opiyo," akasema Odongo.

"Opiyo atakaa na omena?"

"Atakaa na Akinyi, mama. Yuko Nairobi mbele ya kompyuta kubwa kama kabati. Kila simu ya mwanafunzi iko pale kama dirisha. Mtoto akifungua katuni, Opiyo anaona. Akisinzia, anaona. Anatuma ujumbe, mtoto anarudi kwa kitabu. Mzazi anaenda sokoni akiimba."

Benta akaangalia nyuma yake haraka. "Anaona mpaka nyumba?"

"Anaona skrini peke yake. Opiyo ana heshima zake."

"Asante Yesu, kwa maana leo sijafagia. Na anataka nini?"

"Nitakutoza hela, mimi na wewe? Ila unajua hiyo mashine inakula bando. Mtu akimwekea kredo kidogo kwa laini yake, si vibaya. Na mimi ninayezunguka kuhakikisha netiweki inaingia vizuri kwa nyumba, saa zingine njaa inanishika."

Wakakubaliana hivyo, kredo kwa Opiyo na sahani kwa Odongo. Benta akaenda Kibuye akiimba.

Alasiri hiyo, Odongo alisimama nyuma ya nyumba, sikio kwenye mabati. Mwalimu alikuwa anaongea, mara mwalimu akanyamaza, na badala yake akasikika bata mwenye kwikwi. Odongo akachukua simu, akachagua laini ya ndugu yake, akaandika: "Akinyi. Zima huyo bata. Opiyo."

Ndani kikaanguka kitu. Kupitia tundu la msumari Odongo akamwona msichana akitazama darini, kisha chini ya kitanda, kisha nyuma ya kalenda ya ukutani. Mwishowe akakaa wima, mikono mezani, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Habari zilisambaa Nyalenda kuliko maji ya bomba. Kabla mvua hazijaisha, Opiyo alikuwa na watoto wengi kuliko mfalme. Odongo akagundua kwamba hahitaji hata kusimama kila dirisha. Saa ya somo ikifika katikati, alituma ujumbe mmoja kwa simu zote: "Wewe. Ndiyo, wewe." Mtaa mzima ukasikika watoto wakikaa wima.

Mzee Wanjohi mwenye duka la misumari na rangi alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu wa Nyeri aliyekaa Kisumu mpaka akala samaki kuanzia kichwani, na alibishania bei hata na mvua.

"Mimi nina vijana wawili na simu moja," akasema. "Hiyo ni mtoto mmoja."

"Mzee, macho ya kuangaliwa ni manne."

"Lakini skrini ni moja. Na huyu Opiyo, akiwa hapo anaangalia angalia, si aniangalilie pia kijana wa duka? Naona misumari inapungua."

"Hiyo ni huduma tofauti, Mzee."

"Nikiongeza samaki?"

"Opiyo anapenda samaki sana."

"Si yuko Nairobi? Atamla vipi?"

"Mimi ni pacha, Mzee," akasema Odongo bila kupepesa. "Nikila, anashiba."

Wanjohi akafikiri, akaona hoja haina pengo, akaongeza samaki.

Odongo akanenepa. Mashati yakaanza kumlalamikia vifungoni. Lakini kazi yenyewe nayo ilianza kumlipisha kwa njia ambayo hakuipangia. Watoto walianza kumjibu Opiyo. Akinyi aliandika: "Opiyo, kwa nini namba ya chini ikiwa kubwa, jibu linakuwa dogo?" Odongo hakujua. Alienda kibandani, akanunua chapati, akaikata, akaitazama, akaikata tena, mpaka mwenye kibanda akamuuliza kama ameona nywele. Ndipo akaandika: "Wakija watu wengi kwa chapati moja, kila mtu anapata kipande kidogo. Opiyo." Akakaa pale akila vipande vyote, na kwa muda fulani alikuwa amesahau kabisa kwamba hiyo akili ni yake.

Na watu walimpenda Opiyo. "Msalimie Opiyo," walimwambia Odongo njiani. "Opiyo alipona ile homa?" waliuliza, kwa sababu siku moja Odongo aliamka amechelewa akamsingizia homa. Mama Milka, mwenye nyumba za kupangisha na kiongozi wa akina mama kanisani, alimwombea mbele ya watu. "Bwana, yalinde macho ya mtoto wetu Opiyo, yasichoshwe na hiyo skrini." Odongo alisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Ndugu yake hakuwahi kutajwa hivyo na watu wengi hivyo alipokuwa hai. Odongo alitembea Nyalenda akisikia jina hilo kutoka mlango hadi mlango, na kila mara alijibu, "Yuko. Yuko salama."

Basi mjini Kisumu kulikuwa na tapeli mwingine, naye aliitwa Lornah. Huyu alikuwa na meza yake Kibuye ambako aliuza dawa ya kurefusha nywele za wigi. Wateja walinunua, wigi zikabaki vile vile au zikazidi kuwa mbaya, na Lornah akawaambia wavumilie, kwani hata nywele za kichwani hazikui kwa siku moja. Siku moja, akiwa hapo na barakoa yake, akawasikia akina mama wa omena wakiongea habari za Opiyo, mtu anayetiiwa na kila mtoto na hajaonekana na mzazi yeyote. Akauliza namba. Akapewa. Akaipiga, na kwa bahati Odongo alikuwa anapita pale kati ya vitunguu na ndoo. Lornah akamwona mtu mnene akisimama ghafla, akitoa simu inayolia mfukoni, akiitazama, akiikata. Lornah hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikunja meza.

Jumamosi hiyo Odongo alikuwa Otonglo akimtangaza Opiyo kwa wazazi wapya. Aliporudi alasiri, akasikia harufu ya kuku kutoka uwanja wa Mama Milka. Viti vilikuwa vimetolewa nje. Benta alikuwepo, Mzee Wanjohi alikuwepo, wazazi wengine walijipanga ukutani na watoto wao. Katikati, kwenye kiti kizuri chenye kitambaa, aliketi mwanamke wa leso ya kichwa na hereni kubwa, na miguuni pake begi la safari, limefura.

"Huyo hapo!" Mama Milka akapiga makofi. "Odongo, mbona hukutuambia chi owadu anakuja? Mke wa ndugu yako anafika mpaka tunamkuta barabarani akiuliza njia!"

Lornah akainuka, mikono wazi. "Yuora! Shemeji yangu! Opiyo aliniambia utakuwa umenenepa, lakini sikuamini."

Watu wakacheka. Odongo akakumbatiwa. Katika maisha yake alikuwa amewaona watu wengi wakidanganywa, na sasa kwa mara ya kwanza aliona jinsi inavyokuwa ukiwa upande ule mwingine. Ni kama kukanyaga ngazi ambayo haipo.

"Ameleta habari nzuri," akasema Benta. "Simu zote zinaenda kwa mashine ya Opiyo, ziwekewe macho mapya. Zitarudi Jumatatu asubuhi kabla ya ule mtihani wa mtandaoni."

"Mimi nimetoa yangu na ya kijana wa duka," akasema Wanjohi, amefurahi. "Ni bure."

Odongo akatazama lile begi. Simu ya Benta ilikuwa humo au ilikuwa njiani kuingia. Ndiyo aliyoagizia omena kutoka ufuoni, na ndiyo shule nzima ya Akinyi. Asiyeonekana Jumatatu, mwalimu alikuwa amesema, anatolewa kwenye kundi la darasa.

"Yuora," akasema, "njoo nikuulize habari za nyumbani kidogo."

Wakaenda nyuma ya jikoni.

"Wewe ni nani?"

"Umenisahau mara hii? Mimi ni mke wa kaka yako."

"Kaka yangu hana mke."

"Basi rudi pale ukaseme. Sema Opiyo hana mke. Watataka kumpigia wamuulize mwenyewe, na simu italia hapo." Akamgusa mfuko wa koti kwa kidole kimoja. "Bwana, mimi sina ugomvi na wewe. Kazi yako ni safi, nimeisifu njia nzima. Lakini wewe unakula sahani sahani, mtu wa akili hizo! Huyo Opiyo wako ni hewa, na hewa umeifanyia biashara ndogo sana."

"Opiyo si hewa."

Alilisema kwa sauti ambayo ilimfanya Lornah aache kutabasamu kidogo.

"Basi ni nini?"

Odongo akaufunika mfuko wa koti kwa kiganja.

"Sawa," akasema Lornah. "Hayo ni yako. Mimi nachukua simu, wewe unabaki na Opiyo wako. Jumatatu utawaambia mashine imeharibika, Opiyo anaomba msamaha, watakusamehe wote. Wanampenda. Ukifungua mdomo, hakuna simu kwangu na hakuna Opiyo kwako. Chagua, yuora. Kuku anapoa."

Wakarudi. Odongo akavua koti, akalitundika kwenye kiti na simu yake ndani, akakaa kama mtu aliyekalishwa. Sahani ya kuku ikaja. Hakuigusa, na watu wakaanza kumtazama kwa wasiwasi, kwa sababu jambo hilo halijawahi kutokea.

Simu ya mwisho ilikuwa ya Benta. Akinyi aliishika kwa mikono miwili.

"Mama, naweza kumuaga Opiyo kwanza?"

"Muage haraka, shangazi ana safari."

Msichana akaandika, polepole, ulimi nje. Akabonyeza. Na pale kwenye kiti, ndani ya koti la Odongo, kitu kikatetemeka.

Akinyi akasikia. Akalitazama koti, akamtazama Odongo. Odongo akatoa simu, akasoma chini ya meza: "Opiyo simu inaletwa kwako. Ile ya kugawa bado sijaelewa vizuri. Usichoke."

Akairudisha simu kwenye koti. Akasimama.

"Opiyo alikufa," akasema.

Hakuna aliyesikia vizuri, au wote walisikia wakaamua hawakusikia. Ikabidi aseme tena.

"Opiyo alikufa. Hakuna mashine. Alikufa siku ile shule zilifungwa, tukamzika Uyoma asubuhi, watu wachache. Sikuwaambia."

Lornah aliacha kutafuna. Alikuwa mtu wa haraka, na haraka hiyo alihesabu kwamba Odongo amejichoma mwenyewe, na kwamba sasa watu watamrukia yeye, na katika vurugu hiyo begi linaweza kupata miguu. Akainama kulishika.

Hesabu yake ilikuwa na kosa moja. Watu hawakumwangalia Odongo. Mama Milka aliweka kikombe chini, akageuza kichwa, na wanawake wote wakageuza vichwa pamoja naye. Mtu akifa, kwanza anatafutwa mjane, na mjane alikuwa pale pale, na hereni masikioni.

"Uwi!" akalia Mama Milka, na sauti yake ikavuka mabati. "Mtoto wa watu! Mume amezikwa hajui!"

Wakamwangukia. Mmoja akamvua hereni, mwingine viatu, wa tatu akaondoa kiti chenye kitambaa, na Lornah akajikuta chini, mkekani, miguu imenyooshwa mbele, amezungukwa na akina mama wa kanisa wakilia kila upande. Akaona afadhali naye alie. Alilia vizuri. Alilia kwa ufundi, akapangusa macho kwa leso, kisha akasema kwa sauti ya kukatika kwamba imembidi arudi Nairobi jioni hiyo hiyo.

"Pole sana, mama," akasema Mzee Wanjohi. "Wacha nikusindikize stendi."

"Stendi gani?" Mama Milka akamgeukia. "Mjane haendi stendi, Wanjohi. Mume wake amezikwa bila mke kusimama pale! Hawezi kuingia nyumba ya mtu yeyote kabla hajafika kaburini. Leo tutakaa naye hapa nje. Kesho tunampeleka Uyoma, kwa mama mkwe, akalie, akae kwa boma."

"Akae mpaka lini?" akauliza Wanjohi, ambaye alipenda kujua mwisho wa kila kitu.

"Mpaka wazee waseme."

"Nina kazi," akasema Lornah.

"Kazi yako sasa ni kulia."

"Nina watoto!"

"Wataletwa. Ni watoto wa Uyoma." Mama Milka akapunguza sauti, kwa heshima ya jambo lenyewe. "Na kuna yale mambo ya mjane kurithiwa na shemeji. Siku hizi hatulazimishi mtu, sisi ni watu wa kanisa. Lakini wazee watauliza."

Macho yote yakaenda kwa Odongo. Odongo alikuwa analia kweli, machozi yanashuka mpaka kwenye kola. Lakini utapeli haukauki kwa siku moja. Akajipangusa, akamtazama Lornah pale mkekani, akasema kwa unyonge mkubwa, "Mimi nipo. Siwezi kumtupa mke wa ndugu yangu."

Lornah akamtazama. Akaona shati lililopoteza vifungo, na soksi iliyotoa kidole gumba kuangalia dunia.

"Mimi si mke wake!" akapiga kelele.

"Ni uchungu," akasema Mama Milka, akimshika zaidi. "Hata mimi siku ya kwanza nilikana."

"Sijawahi kumwona huyo Opiyo!"

"Anasema hajawahi kumwona. Oh, jamani."

"Mimi ni mwizi! Fungueni begi! Hizo simu nilikuwa nakwenda kuuza!"

"Usijitukane, binti yangu. Kunywa maji."

Hakuna mtu aliyewahi kutafuta kwa bidii hivyo kuaminiwa kwamba ni mhalifu. Lornah alitaja soko, akataja meza, akataja mbinu. Kila alipokiri, walimpiga mgongoni kwa huruma. Mwishowe akamnyooshea Benta kidole.

"Wewe mama wa omena! Si ni mimi niliyekuuzia dawa ya wigi? Ile ya chupa ya kijani!"

Benta akaacha kulia. Akasogea. Akamtazama macho peke yake, kama yalivyoonekana juu ya barakoa siku ile.

"Milka," akasema polepole, "mwache huyu. Huyu si mjane. Huyu ni yule aliyeniulia wigi."

Begi likafunguliwa. Kila mtu akachukua simu yake, na Wanjohi akachukua yake na ya kijana wa duka, kisha akatazama ndani tena kama kuna zaidi. Ndipo wakamgeukia Odongo, na safari hii hapakuwa na mjane wa kuwazuia.

"Kwa hivyo," akasema Wanjohi, "wakati huu wote, watoto wetu walikuwa wanaangaliwa na nani? Na samaki wangu wote hao?"

"Ni yeye," akasema Akinyi. "Alikuwa anasimama nyuma ya nyumba. Tulikuwa tunasikia akikohoa."

"Mlijua? Na mlikuwa mnasoma?" akauliza Benta.

Msichana akainua mabega. "Alikuwa anakuja kila siku."

Wazazi wakatazama viatu vyao. Odongo akangoja kupigwa. Mama Milka alikuja mpaka mbele yake, akavua shali, akampiga nayo begani.

"Sahani nilikupa kwa mkono wangu. Hizo sitaki kusikia. Lakini umemzika ndugu yako, ukaja hapa, ukakaa kwa meza yangu, mimi namwombea macho, macho yaliyofungwa, Odongo! Na hukuniambia nilie!" Akampiga tena. "Mtu mzima anazikwa kama paka na sisi tuko hapa tunacheka?" Kisha mkono ukamlegea, akamshika kichwa, akaanza kulia upya, na mara hii hakuna aliyekuwa na ufundi.

Walikaa mpaka saa ya kafyu ikawakaribia, na hata hapo hawakuinuka haraka. Wanjohi alifunga duka akaleta turubai bila kutaja bei. Viti viliwekwa mbali mbali kama sheria ilivyotaka, na katikati ukawashwa moto mdogo. Wakamwambia Odongo amsimulie. Akasimulia habari za redio ya Otonglo na Opiyo aliyekuja kuitia matumbo, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakalia, wakacheka tena. Wakaimba nyimbo ambazo Uyoma hazikuimbwa. Watoto waliruhusiwa kukaa, kwani nao walimjua marehemu, pengine kuliko wote.

Katikati ya wimbo mmoja, mtu akauliza yule mwanamke wa wigi yuko wapi. Mkeka ulikuwa mtupu. Viatu havikuwepo, wala hereni, wala paja la kuku lililobaki kwenye sahani ya Odongo. Koti lilikuwa bado kwenye kiti, limetundikwa vizuri. Odongo akatia mkono mfukoni. Simu haikuwepo.

Jumatatu, saa ya mtihani, Benta aliweka beseni la omena mlangoni pake na kigoda kando ya Akinyi. Waliotaka omena walimkuta hapo. Hakujua hesabu ya kugawa, kwa hiyo Akinyi alimweleza, na Benta akauliza maswali mengi mpaka mtoto akaelewa mwenyewe. Wazazi waliolazimika kwenda kazini waliwaleta watoto wao uwanjani kwa Mama Milka, ambako Odongo aliketi mbele yao waziwazi, bila mabati katikati, akikatakata chapati.

Katikati ya somo, simu ya Benta ikatetemeka. Ujumbe ulitoka namba waliyoijua. "Akinyi, kaa wima. Opiyo." Msichana akacheka, akakaa wima.

Odongo naye alikuwa amepewa simu kuukuu na Wanjohi, ile ya kijana wa duka, na namba yake ya zamani akarudishiwa. Siku chache baadaye ukaingia ujumbe wa kwake peke yake: "Yuora, laini ya mume wangu haina kredo. Wanasema wataifunga."

Benta alimwambia aripoti polisi. Wanjohi alimwambia aiache ife yenyewe, kwani laini isiyowekwa kitu hufungwa, na namba ikapewa mtu mwingine. Odongo alisema atafikiria.

Shule zilifunguliwa zamani. Laini ya Opiyo bado iko hewani. Lornah anayo, popote alipo, na kila mwezi Odongo huiwekea kredo.